Mwaka Tulipokusanya Pampu Usangu

Vijana wa karakana, mliniomba kabla sijarudisha funguo niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi hii ya injini ndogo. Nimechelewa. Kwanza mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, na pili nilijua kwamba nikianza kuandika nitafika mahali ambapo sipendi kufika. Sasa nimestaafu, kisingizio cha kazi kimekwisha. Habari za vyeo nitaziruka. Kila nilipopandishwa nilipewa meza kubwa zaidi yenye droo isiyofunguka, basi.

Nilianzia Iringa, kwenye karakana iliyokuwa pembeni ya barabara iendayo Kalenga. Nilikuwa binti wa Kinyakyusa mwenye cheti kipya cha ufundi, na siku ya kwanza nilivaa blauzi nyeupe na viatu vya ngozi, maana nyumbani waliniambia naenda kazini. Fundi mkuu alikuwa Mzee Luvanda, Mhehe mrefu asiye na maneno mengi. Alinitazama, akanisalimia, "Kamwene," kisha akavua koti lake la kazi, lililokauka kwa oili mpaka lingeweza kusimama lenyewe, akanipa.

"Hiyo blauzi ipeleke kanisani Jumapili," akasema. "Hapa vaa hili."

Wateja wa siku zile hawakuzoea kumwona mwanamke ameshika spana. Mtu alikuwa anaingia, ananipita mimi niliyeinama juu ya mashine yake mwenyewe, anamwendea Mzee Luvanda aliyekuwa anakunywa chai. "Fundi, nimekuja kuangalia mashine yangu." Mzee alikuwa ananyoosha kidole kwangu bila kuacha kikombe. "Fundi yule pale. Mimi ni mlinzi." Wengine waliamini, wakawa wanamwachia mizigo yao aiangalie.

Alinifundisha kutogusa nati yoyote kabla ya kumuuliza mwenye mashine ilizimaje, ilizimia wapi, na nani mwingine ameshaifungua. Swali la mwisho halijawahi kujibiwa kwa ukweli tangu injini zianze kutengenezwa, lakini aliniambia niulize tu, kwa sababu mtu akidanganya hutazama mahali alipopagusa. Alinifundisha kunusa petroli kabla ya kulaumu kabureta, kwani nusu ya magonjwa ya injini ndogo yananunuliwa barabarani kwenye chupa za maji. Na kila nilichofungua nikipange kwenye sinia kwa mpangilio nilioufungulia. Ukifunga mashine na nati imebaki mkononi, alisema, usiseme ilikuwa ya ziada. Kiwandani hawana ukarimu huo.

Kesi iliyonipa jina ilitoka Nyololo. Mpasua mbao mmoja alileta msumeno wa moto akasema umerogwa na shemeji yake. Unawaka vizuri, unakata kidogo, halafu unazima. Ukipumzika, unawaka tena. Alikuwa ameshabadilisha plagi, kabureta, na nusu ya kilichomo. Mimi niliuwasha, nikangoja uanze kukata pumzi, nikalegeza mfuniko wa tangi. Ukarudi kunguruma. Kitundu cha hewa kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi la mbao, petroli inashindwa kushuka. Nikakizibua kwa pini ya nywele. Yule bwana hakufurahi sana, kwa sababu alikuwa ameshagombana na shemeji. Lakini tangu hapo walioingia karakana walianza kuuliza, "Yule mama wa pini yupo?"

Baada ya Mzee Luvanda kustaafu nilihamishiwa Mbeya, tawi letu la Soweto. Huko ndiko mlikonikuta. Mnajua wateja wetu: watu wa milimani na mashine zao za kupulizia viazi, watu wa mbao, na wale wa bonde la Usangu na pampu za maji. Wa Usangu wengi walikuwa Wasukuma, familia zilizoshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakazoea bonde, wakaanza kulima mpunga masika na vitunguu kiangazi. Kiangazi cha Usangu bila pampu ni kutazama mto ukipita.

Miongoni mwao alikuwapo Mama Kulwa. Alikuwa mjane, mama wa mapacha. Kulwa, yule binti, alikuwa ameolewa mbali. Doto, wa kiume, alikuwa ameoa na kubaki na mama yake, wanalima pamoja. Mara ya kwanza alikuja na pampu imefungwa kwenye khanga kama mtoto mgonjwa. Fundi wa sokoni alikuwa amemwambia pistoni imekufa. Niliifungua mbele yake, nikamwonyesha kwamba ni ringi zake tu zimelika, pistoni yenyewe ni nzima.

"Mbona umeniambia?" akauliza.

"Kwani nisikwambie?"

"Yule mwingine angeniambia imekufa hata kama inapumua."

Tangu siku ile aliniita Mama Ipyana, kwa jina la mwanangu wa kwanza, na akaanza kuniletea watu. Mtu akifika kutoka kijijini kwao alikuwa anasema, "Nimetumwa na Mama Kulwa," kama vile anaonyesha kitambulisho.

Kisha yakaja mambo ya kurudisha pampu. Tulikuwa tumeuza aina mpya, nyepesi, inayokula mafuta kidogo, na watu wa Usangu waliipenda kuliko zote tulizowahi kuwaletea. Siku moja meneja wetu, Bwana Sanga, alituita ofisini akafunga mlango. Makao makuu walikuwa wamepokea taarifa kutoka kiwandani. Kwenye injini ya pampu zile kuna kiungo cha plastiki kinachoshikisha mpira wa mafuta kwenye kabureta. Joto lilikuwa linakipasua polepole. Kikipasuka, petroli inachuruzika juu ya ekzosi iliyo moto. Nchi nyingine mtu alikuwa ameshaungua. Pampu zote za toleo lile zikusanywe, zikae karakana mpaka viungo vipya vifike.

"Vinafika lini?" nikauliza.

"Viko njiani," akasema Bwana Sanga. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani aliamini.

Ofisini zoezi lile waliliita rikoli. Kijijini halikuwa na jina, na jambo lisilo na jina watu hulipa jina baya. Tulitangaza redioni, tukabandika matangazo minadani, tukawapigia simu wote ambao namba zao tulikuwa nazo. Hakuna aliyekuja. Bwana mmoja alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, wenzako walinipigia wakasema nimeshinda gari. Nyie angalau mmekuja kivingine," akakata. Wengine waliamini kwamba tumegundua tuliwauzia mashine nzuri mno, sasa tunataka kuwabadilishia mbovu. Ukitazama jinsi tunavyoishi, si wazo la kijinga.

Nikamwambia Bwana Sanga nitakwenda mwenyewe. Nilianzia kijijini kwa Mama Kulwa, na sikumuuliza mtu mwingine njia. Nilijua kabisa ninachofanya: kijiji kile kilikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa yeye.

Aliitisha watu kwenye kivuli cha ghala la mpunga. Alitafsiri maneno yangu kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, na nikaona anayafanya mazuri kuliko nilivyoyasema. Akasimama jirani yake, Masanja, mkulima hodari ambaye shamba lake lilipakana na la Mama Kulwa, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mama fundi, mwangaluka. Pampu yangu inawaka kwa mvuto mmoja. Maji inavuta. Haikohoi, haitoi moshi. Nionyeshe ugonjwa wake."

Nikaomba pampu yoyote. Mama Kulwa akamwambia Doto alete ya kwao. Nikaiwasha, nikaiacha mpaka ikapata joto, nikaizima, nikapangusa kile kiungo kwa kitambaa cheupe na kukizungusha kitambaa hicho kwa watu. Kilikuwa na unyevu wa petroli, na ukikitazama kiungo chenyewe kwa karibu uliona ufa mwembamba kama unywele. Kitambaa kilipita mkono kwa mkono. Kila mtu alinusa.

Mama Kulwa hakungoja kiishe kuzunguka. "Chukua yangu kwanza," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Huyu aliniambia ukweli wakati uongo ungemfaa. Mimi namwachia."

Doto alimvuta pembeni. Niliwasikia. "Mama, vitunguu ndiyo kwanza vinaanza kutunga. Vikikosa maji sasa vitabaki vidogo."

"Atavileta upesi hivyo viungo."

"Amesema lini?"

Mama yake akanitazama. Nikamwambia vile nilivyoambiwa, kwamba viko njiani. Nilisema pia kwamba sijui siku. Lakini neno linalosikika ni lile linalotangulia.

Watu wakaleta pampu, moja baada ya nyingine, gari likajaa. Masanja alisema yake alimuuzia ndugu yake wa Chunya. Kila mtu pale alikuwa ametoka kumsikia akiisifu, na alijua kwamba jana yake tu alikuwa anamwagilia, lakini hakuna aliyesema kitu, na mimi sikuwa polisi. Nilirudi Mbeya nimeshukuriwa. Bwana Sanga alinipeleka kula samaki.

Viungo havikuja. Kwanza vilikuwa bandarini. Kisha vikatoka, vikafika, vikawa vya pampu ya aina nyingine, vikarudishwa. Nilikuwa naingia stoo asubuhi na kuzikuta zile pampu zimepangwa ukutani, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe, na nje jua la kiangazi linawaka. Nilimsumbua Bwana Sanga mpaka akanikwepa kwenye korido. Mwishowe alipata pampu chache za kuazima. Kijiji cha Mama Kulwa kilipewa mbili, watu watumie kwa zamu.

Mama Kulwa ndiye aliyesimamia zamu, na kwa sababu ndiye aliyesimamia, alijiweka mwisho. Nilimpigia simu mara kwa mara. Mwanzoni alikuwa ananieleza kwa urefu, nani amemwagilia, nani analalamika. Baadaye majibu yakawa mafupi.

"Vitunguu vinaendeleaje, mama?"

"Vipo."

"Zamu yenu imefika?"

"Imefika, nimempa mama mmoja ana watoto wadogo. Viungo je?"

"Bado."

"Haya."

Shamba la Masanja, lililopakana na lao, lilikuwa kijani. Alikuwa anamwagilia alfajiri, pampu ameificha nyuma ya matete. Wale waliokataa kunisikiliza walikuwa wanavuna maji, na wale waliotii walikuwa wanatazama majani yakilala. Kwa siku zile zote, hilo ndilo lililokuwa kweli, na kama ungeuliza pale kijijini nani mwenye akili, ungeonyeshwa Masanja.

Doto alivumilia kadiri alivyoweza. Asubuhi moja, mama yake alipokuwa amekwenda kuhamisha zile pampu za kuazima, alimfuata Masanja akamwomba. Masanja alimpa. Hakuwa mchoyo, na alikuwa anamwonea huruma jirani yake. Doto akaiweka kando ya mfereji, akaiwasha, maji yakaanza kuingia kwenye vitunguu vya mama yake. Mkewe alikuwa anafungua matuta kwa jembe. Aliniambia kwamba Doto alikuwa anaimba.

Doto alisikia mlio kama nguo inachanika, akageuka, akaona moto umeshika upande wa tangi. Angeweza kukimbia. Mkewe alimwita akimbie. Lakini pampu ilikuwa ya watu, ameiazima, na akajaribu kuivuta aisukumie ndani ya mfereji wa maji. Ndipo tangi likafunguka.

Nilimkuta hospitali Mbeya. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji mpaka juu ya viwiko, na upande mmoja wa shingo. Alikuwa macho. Alinisalimia, shikamoo kamili, kama vile nimewatembelea nyumbani. Nikaitikia.

Masanja alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji magotini. Alikuwa anakuja kila siku, akiuacha uji kwa nesi, asiingie ndani. Aliponiona alisimama.

"Mama fundi, nilisema nimeiuza."

"Najua."

"Ulijua siku ile ile?"

"Sote tulijua, baba."

Akakaa tena. Mama Kulwa alitoka wodini, akamwona, akaenda kukaa karibu naye. Kisha akaichukua ile chupa kwenye magoti yake. "Twende ukampe mwenyewe," akamwambia. "Anakuuliza." Masanja akainuka, akamfuata.

Mimi nilibaki pale mpaka Mama Kulwa aliporudi peke yake. Nilianza kuomba radhi, maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Soweto. Alinizuia kwa mkono.

"Ulisema pampu zinawaka moto," akasema. "Imewaka. Hukunidanganya hata neno moja, Mama Ipyana. Afadhali ungenidanganya, ningejua hasira nimpelekee nani."

Wiki ile pampu zilizofichwa zilianza kuja zenyewe. Zilikuja kwa pikipiki, kwa baiskeli, moja ililetwa na mzee aliyetembea nayo begani kutoka kituo cha basi. Iliyodaiwa kuwa kwa shemeji, iliyodaiwa kuibwa, iliyodaiwa kuzama mtoni, zote zilipatikana. Makao makuu waliandika kwamba zoezi katika kanda yetu limefanikiwa kuliko kanda zote, na barua ile ikabandikwa ukutani karibu na kalenda. Mnaifahamu. Ilikuwa ya kweli, ndiyo maana sikuibandua.

Viungo vilifika baadaye, kwenye boksi dogo ambalo lingetosha mfukoni mwa koti. Kukibadilisha kimoja ni kazi ya muda wa kunywa chai.

Nimeulizwa na baadhi yenu kama tulikosea kuzikusanya. Hapana. Injini inayovuja petroli juu ya ekzosi haiachwi mikononi mwa watu. Lakini mimi sasa ningeingia bonde lile nikiwa na gari mbili, moja ya kuchukulia na moja iliyojaa za kuazima, na kama ya pili haipo nisingewasha hata ya kwanza mpaka nimepiga kelele ofisini nikafukuzwa. Mkulima hanunui pampu. Ananunua maji. Ukimwondolea pampu mbovu bila kumwachia maji, atayatafuta, na atayatafuta mahali ulipomkataza. Hili halimo kwenye kitabu chochote cha injini, na Mzee Luvanda hakuwahi kunifundisha kwa sababu wakati wake mashine mbovu ilikufa tu ikanyamaza. Na jingine, ambalo sijui niliweke wapi: mkihitaji mtu mmoja awafungulie kijiji, muwe mnajua mnaazima nini. Jina la Mama Kulwa lilijengwa miaka mingi kabla yangu. Nililitumia asubuhi moja.

Pampu yake niliitengeneza ya kwanza, nikaipeleka mwenyewe. Vitunguu vilikuwa vimeshang'olewa, vile vilivyobaki, vimetandazwa uani vikauke. Vilikuwa vidogo kama limau changa. Mama Kulwa alinikaribisha, akaniletea kiti na maziwa, akaniuliza habari za Ipyana na wadogo zake, mmoja mmoja. Kisha akaitazama pampu.

"Iwashe wewe," akasema. "Hapa hakuna atakayeivuta."

Tuliibeba mpaka mfereji, mimi na mke wa Doto. Nikavuta kamba, ikawaka. Mama Kulwa alisimama mbali kidogo, akisikiliza, si maji bali injini, na uso wake sikuuelewa. Baada ya muda akaniashiria niizime. Akasema ni nzuri. Akasema ataiuza, mwakani watalima karibu na mfereji mkubwa ambako maji yanaingia yenyewe, eneo dogo zaidi, litawatosha. Nikamwambia haina tatizo lolote tena. Akasema anajua.

Doto alikuwa amekaa mlangoni tuliporudi. Bandeji zilikuwa zimetoka. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana, na wa kushoto haukunyooka. Aliniuliza kama pampu za wenzake zote zimepona. Nikamwambia zote. "Vizuri," akasema, na nadhani alimaanisha.

Wakati wa kuaga Mama Kulwa alinipa kiroba cha vitunguu. Nilikataa, kisha nikaona ninachokifanya, nikapokea kwa mikono miwili. Doto akainuka, kama kijana yeyote wa Kisukuma anavyoinuka mgeni wa mama yake akiwa na mzigo, akaja kunipokea kiroba anisindikize nacho hadi kwenye gari.

"Acha, mwanangu," mama yake akamwambia taratibu. "Yeye ana mikono."

Hakusema kwa ubaya. Nilikitia kiroba kwapani, nikakibeba mwenyewe.